Kigoda cha Luhenge

1

Mchwa alipokula tabaka la kwanza, mkono ulioinuka haukuwa wa mzazi yeyote. Ulikuwa wa Veneranda Mlahagwa mwenyewe.

Hakuutambua mara moja. Nani huujua mkono wake kwa kushikwa nao? Alikuwa ameketi mbele ya beseni la mtambo, mkono wa kulia umezama katika uji mweupe, mzito, wenye joto la mwili, akingoja. Uji ulimsogelea kidogo kidogo, ukakaza, ukawa vidole. Vidole vikamshika kama mtu anavyoshika kitu asichotaka kisogee. Kisha vikaanza kubana na kulegea, kubana na kulegea, kwa mpigo mmoja usiochoka, kama mtu anayesugua sufuria yenye masizi kwa mkono wake wa pili. Kidole cha mwisho tu ndicho hakikubana. Kilikaa pembeni, kimepinda, hakina nguvu.

Veneranda akautazama mkono wake wa kushoto uliokuwa pajani. Kidole kidogo kilipinda vilevile, tangu kilipovunjika kwenye mpira wa pete akiwa kidato cha pili na kuungwa vibaya.

Waliouunda mtambo ule waliupa jina la heshima, Msomaji wa Matabaka. Karakana nzima ya Makumbusho ya Milima iliuita Mchwa, kwa sababu ulikula ulichokisoma. Mwanga wake, mwembamba kuliko uzi wa buibui, uligusa ngozi ya juu ya kitu, ukaigeuza mvuke, ukausoma mvuke huo kabla haujapotea. Alichokila Mchwa hakikurudi. Lakini alikisema, na alikisema kwa beseni: unatia mkono wako mahali pa kitu, na aliyekishika kitu hicho zamani anakushika wewe.

Kigoda chenyewe kilikuwa mezani chini ya taa, kimefungwa mikanda laini. Kilikuwa kigoda cha uzazi kutoka kijiji cha Luhenge, juu kabisa Uluguru, ambako ukungu hushuka saa nane mchana na kuku hurudi bandani wakidhani kumekuchwa. Kilikuwa kiti kifupi cha mninga, na mbele yake vilisimama vishikio viwili. Cha kulia kilikuwa chekundu, kilaini, utadhani kimetoka kwa seremala jana. Cha kushoto kilikuwa cheusi, kinene kama gunzi la muhindi, kimejaa mabonde na vilima.

Wageni walikipenda hivyo hivyo, upande safi na upande mchafu, waone kazi ya mhifadhi. Aliyeusafisha upande wa kulia ni Veneranda, miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa na miezi mitatu tu kazini. Wiki sita alizimaliza na pamba, spiriti na kisu cha mfupa, mkono wa kulia ukisugua, wa kushoto umeshikilia kishikio cha pili kigoda kisitikisike, ukikipaka jasho na sabuni. Aliondoa uchafu punje kwa punje hadi nyuzi za mninga zikang'aa. Walimpigia makofi. Picha yake ilibandikwa getini.

Haukuwa uchafu.

Mkunga wa Luhenge, kila alipoletewa mzazi, alivipaka vishikio utomvu wa mkuyu uliochanganywa na jivu, ili mikono yenye jasho isiteleze. Utomvu ule ulichukua kutwa kukauka. Mwanamke akibana, chembe za jivu zilihama. Akilegeza, zilibaki zilipofika. Na kwa kuwa utomvu ulizidi kuwa mgumu kadiri saa zilivyokwenda, alama za asubuhi zilizama na za jioni zilikwaruza juu juu, hivyo Mchwa alijua ipi ilitangulia ipi. Mzazi mwingine akija, mkunga alipaka juu ya yule aliyepita. Hakukwangua. Luhenge walikuwa na mwiko wao, hakwanguliwi mtu. Wanawake mia na kumi na wanane, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na uchungu wake mzima, saa kwa saa.

Na Veneranda alikuwa amewakwangua wote wa upande wa kulia, akawafuta kwa pamba, akaitupa pamba.

Alitoa mkono besenini, akaupangusa kwenye aproni. Siku ya kwanza ya chuo, mwalimu aliwaandikia ubaoni kanuni moja tu ya kazi hii: usifanye usichoweza kukitengua. Aliinakili kwa wino mwekundu, akapiga mstari chini yake. Kanuni haikumsaidia kitu, kwa maana alipokuwa akisugua hakujua kwamba anafanya lolote lisilotenguka.

2

Mzee Gervas Banzi alifika Jumatatu asubuhi na kikapu cha njegere.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari wa vigoda. Hizi ni zako. Usiniambie serikali haipokei rushwa, maana hii si rushwa, ni mboga."

Alikuwa na miaka themanini na miwili, mgongo umenyooka, viganja vipana kama majembe. Alisimama mbele ya kigoda, akavua kofia. Hakukigusa.

"Nasikia kimeanza kusema," alisema.

"Hakisemi, baba. Kinashika."

"Ndiyo hicho hicho. Hebu kigeuze."

Veneranda akafungua mikanda, akakilaza kigoda ubavu. Chini ya kiti kulikuwa na chale, safu kwa safu, moja kwa kila uzazi, kazi ya kisu cha mkunga. Mzee Banzi akahesabu akianzia ya mwisho, midomo ikicheza, kidole kikielea juu ya mti bila kuugusa. Alipofika ya sabini na moja akakoma. Chale hiyo ilikatwa na nyingine, ikafanya msalaba.

"Huyo ni mama," alisema. "Agripina. Msalaba ni kwa sababu hakuinuka. Na mimi ndiye niliyemfanya asiinuke."

Veneranda akavuta kiti cha karakana, mzee akaketi.

"Picha hana. Kaburi lake lilichukuliwa na maporomoko ya mwaka wa tisini na nane. Nimelima, nimezika wake wawili, nimekuwa mwenyekiti wa kijiji mara mbili. Na hadi leo nikibishana na mtu wa Luhenge juu ya mpaka wa shamba, hata kitoto kisichojua kufunga kamba za viatu, kitaniambia: nyamaza wewe, mama yako aliachia."

"Aliachia nini?"

"Kigoda. Ndivyo walivyosema wanaume waliokuwa wamekaa nje siku ile, wakasimulia, ikawa jina langu. Mwana wa aliyeachia. Maana yake alichoka nami. Aliachia mikono, akaniacha nijitokee mwenyewe, akaenda zake." Akaigeuza kofia mapajani. "Sasa ninyi mna mdudu anayejua. Nataka kujua kama ni kweli. Na nataka anishike, hata kama ni robo saa kabla hajaachia. Hajawahi kunishika, mwanangu. Hata mara moja."

Kabla Veneranda hajajibu, mlango ulifunguka akaingia Dakta Hamdun Shekimweri, mkuu wa makumbusho, mtu wa haraka, mwenye roho nzuri na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amesikia nusu ya maneno koridoni na uso wake ulikuwa umeshawaka.

"Mzee wangu, hili linawezekana! Tena Jumamosi tuna wageni kutoka kila mkoa. Mtoto wa miaka themanini ashikwe na mama yake mbele ya watu! Veneranda, Mchwa akikimbizwa anafika tabaka la sabini na moja kwa siku ngapi?"

"Siku mbili. Lakini akikimbizwa hasomi saa, anasoma umbo tu. Na walio juu yake ni wanawake sabini."

"Mchwa anaweka kumbukumbu ya kila anachokula. Hakuna kinachopotea."

"Anaweka kumbukumbu ya anachojua kuuliza, Dakta. Leo anauliza nguvu na mwendo wa vidole. Kesho atakuja mdudu mwingine anayejua kuuliza homa, au hofu, au jina. Atakuta tumeshakula."

"Na utomvu nao unapasuka. Wewe mwenyewe uliandika. Baada ya miaka ishirini utakuwa unga."

Ilikuwa kweli. Aliandika yeye. Mzee Banzi alikuwa akiwasikiliza kama anayesikiliza majirani wakigombania punda wake. Halafu akanyoosha kidole.

"Samahani, wasomi. Hiki cha kulia mbona ni kitupu? Mama yangu alikuwa na mikono miwili."

"Upande huo uliharibika zamani," Dakta alisema upesi.

Hapo ndipo pangeweza kuishia. Sentensi ilikuwa tayari, nyepesi, haikuwa hata uongo wote. Veneranda alihisi ikimpita kama gari unaloweza kulidandia.

"Haukuharibika," alisema. "Niliukwangua mimi. Nilidhani ni uchafu. Kama nisingefanya hivyo, baba, leo ningekupa wa kulia wote aule Mchwa, na wa kushoto ungebaki salama. Sasa umebaki huu mmoja tu, na sababu ni mimi."

Dakta Shekimweri akatazama dari. Mzee Banzi akamgeukia Veneranda.

"Wote mia na kumi na wanane?"

"Wote."

"Kwa kitu gani hasa? Kwa jembe?"

"Kwa spiriti. Na pamba."

"Pamba!" Mzee akatoa sauti iliyokuwa karibu na kicheko lakini haikufika. "Sisi tulikatazwa kukigusa hata kwa ukucha. Basi, binti, wewe ndiye wa kunifikisha. Sitafuti mwingine. Wewe."

Veneranda akaona mtego ulivyo. Alikuwa amewakwangua wanawake wa watu bila kujua. Sasa, kumponya mtu aliyeumizwa na kosa hilo, alitakiwa awakwangue waliobaki huku akijua.

"Nani alikuwa wa mwisho kukikalia?" aliuliza. "Wa juu kabisa?"

"Leokadia Mbena," mzee alisema. "Miaka sitini iliyopita, kabla zahanati haijafunguliwa. Wa nini?"

"Yuko hai?"

"Hai? Yule atatuzika wote. Anakaa Kihonda kwa binti yake."

"Basi kabla ya Mchwa kumla mtu aliye hai," Veneranda alisema, "tumwombe ruhusa."

3

Bi Leokadia alimsikiliza Veneranda kwenye simu bila kumkatiza, na alipomaliza akasema, "Hapana."

"Mama, ningependa tu nikueleze kwamba..."

"Umeeleza vizuri. Mimi nina miaka sabini na tisa, si kiziwi. Huo mkono si wa makumbusho. Niliuacha pale nikiwa uchi. Ningejua kwamba siku moja watu watapanga foleni kuushika, ningevaa glavu." Akakata.

Lakini asubuhi ya Jumatano alikuwa mlangoni mwa karakana, kanga mbili mpya, miwani mikubwa, mfuko wa mihogo ya kuchemsha mkononi. Hakumsalimu mtu. Alikiendea kigoda moja kwa moja, akakizunguka, akakigonga gonga kitako kwa kifundo cha kidole.

"Kidogo hivi!" alisema. "Miaka yote hii nimekiona kichwani kikubwa kama kitanda." Halafu akamwona Mzee Banzi kwenye kona. "Ndiyo wewe Gervas unayetaka kupita juu yangu?"

"Ndiyo mimi, dada. Naomba njia."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Kwa mama. Nijue kama aliachia."

Bi Leokadia akafumba midomo. Ilionekana kuna jambo limemfika ulimini akalirudisha. Aliketi, akaweka mfuko wa mihogo miguuni.

"Sikiliza, mhifadhi. Nitampa mkono wangu. Mkono wangu tu, wa wengine sina mamlaka nao. Lakini kwa masharti. Atashikwa kwa mwendo wangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kukimbiza. Mimi nitakuwepo. Na mdudu wenu asiandike kitu."

"Asiandike?" Veneranda alidhani hakusikia. "Mama, asipoandika, Mchwa akishakula hakutabaki chochote. Popote. Milele."

"Itabaki kwa Gervas. Na kwangu. Ilikuwa kwangu peke yangu miaka sitini, haikuoza."

Dakta Shekimweri alipopata habari jioni alishuka ngazi mbili mbili. Alisema jambo hilo halijawahi kufanyika, kwamba ni sawa na kuchoma kitabu kwa sababu mtunzi ameomba. Veneranda hakubisha, naye alikuwa ameshinda na mawazo hayo hayo kutwa, mawazo yenye meno. Kila alichofundishwa kilimwambia asikubali. Lakini kila alipolifikiria aliona jambo moja: katika miaka yote ambayo kigoda kilikaa makumbusho, kupimwa, kusafishwa, kupigwa picha, hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mmoja wa wanawake wale kuulizwa.

"Mchwa haamki bila sahihi ya mhifadhi," alisema. "Nitatia sahihi."

"Jina litakalokuwa kwenye karatasi hiyo ni lako. Si langu."

"Na liwe langu."

4

Walianza Alhamisi saa mbili asubuhi. Veneranda alizima kumbukumbu ya Mchwa kwa mkono wake, akaangalia mara tatu kwamba imezimika, akashusha mwanga juu ya kishikio cheusi. Mzee Banzi akakunja mkono wa shati, akatia mkono besenini.

Uji ukakaza. Mzee akashtuka begani.

"Umekuja?" Bi Leokadia aliuliza.

"Umekuja. Mdogo! Mkono wa msichana."

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ulitaka uwe wa nani?"

Mvuke mwembamba ulipanda kutoka kwenye kishikio, na pamoja nao ikaja harufu. Hakuna karatasi ya Mchwa iliyomwonya Veneranda juu ya harufu hiyo. Alipojaribu mara ya kwanza, tabaka lake mwenyewe halikunuka kitu ila sabuni. Sasa karakana nzima, yenye vichujio vyake vya hewa na sakafu yake ya kuoshwa kwa dawa, ilijaa moshi wa kuni mbichi, jivu la moto, majani yaliyochemshwa, jasho la mtu. Bi Leokadia akainua pua, miwani ikapata ukungu.

"Hilo ni jiko la Bibi Tekla," alinong'ona. "Mkunga wetu. Jamani. Hilo ni jiko lake hasa. Alikuwa anachoma kuni zisizokauka, tukimlalamikia, anasema moshi unafukuza wenye umbea."

Veneranda alikuwa amekaa na kigoda hiki miaka kumi na mmoja. Aliujua uzito wake, unyevu wake, kila ufa wake. Hakuwahi kujua kwamba ndani yake mna chumba kizima, na kwamba moto wa chumba hicho ulikuwa bado unafuka.

Saa za mwanzo zilikwenda kwa mzaha. Mkono ulibana, ukalegea, ukakaa muda, ukabana tena. Bi Leokadia alimenya muhogo, akamlisha Mzee Banzi.

"Hapo nilikuwa namtukana mume wangu."

"Umejuaje?"

"Kila mbano wa asubuhi ulikuwa na tusi lake. Huo ulikuwa wa mama mkwe."

Saa sita mzaha uliisha. Mibano ilikaribiana. Mzee Banzi alianza kupumua nayo bila kujua, akivuta pumzi mkono ulipokaza, akiitoa ulipolegea. Jasho lilimtiririka. Veneranda alisogea na kitambaa.

"Tunaweza kusimama, baba. Mchwa anaweza kusubiri."

"Yeye alisimama?"

Bi Leokadia akatikisa kichwa.

"Basi usinisimamishe."

Saa tisa hakusema tena na mtu. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuona karakana. Vidole vya beseni vilimbana hadi kucha zake zikawa nyeupe, na Veneranda, aliyejua kwamba mtambo umewekewa mipaka usiumize mtu, aliona kwa mara ya kwanza jinsi mipaka hiyo ilivyo mbali. Msichana wa kilo hamsini alikuwa na nguvu hizi. Na chini yake walikuwa sabini wengine wenye nguvu kama hizi, na chini yao wengine tena, wote wamekaa kimya katika gunzi moja jeusi ambalo yeye alikaribia kulimaliza kwa pamba. Alitamani kupiga magoti. Alishika ukingo wa meza badala yake.

Saa kumi na moja kasoro, mkono ulibana mbano mmoja mrefu usiokuwa na mwisho. Mzee Banzi akaguna kutoka tumboni. Bi Leokadia alikuwa amesimama, kanga imemwanguka begani, midomo yake ikitamka kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Kisha vidole vikafunguka. Si taratibu. Vilifunguka vyote kwa pamoja, na uji ukarudi kuwa uji, umetulia kama maziwa.

Mzee Banzi akabaki ameinamia beseni. Alingoja. Hakuna kilichorudi.

"Ameachia," alisema kwa sauti iliyopasuka. "Leokadia. Umeachia."

"Nimeachia."

"Kwa nini? Ulikuwa umefika! Nilikuhisi ulikuwa umefika! Kwa nini uliachia?"

"Mtoto ndiye huyo ametoka, Gervas. Ulitaka nimpokee kwa kitu gani, kwa meno?"

Mzee akainua uso kutoka kwenye beseni.

"Bibi Tekla hakuwa anampokea mtoto yeye," Bi Leokadia alisema, taratibu sasa, kama anayemvisha mtu shati. "Alikuwa anakaa nyuma yako, amekukumbatia kiunoni. Kichwa kikipita anakuambia sikioni: achia, mchukue mwanao. Unaachia, unainama, unamchukua mwenyewe, wa kwanza kumgusa ni wewe. Ndivyo tulivyozaa Luhenge. Wote. Asiyeachia ni yule ambaye mtoto amekwama. Wanaume wenu mlikaa nje mnakunywa pombe. Mkasikia ndani wanasema ameachia, ameachia, mkatunga yenu."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote!"

"Ulikuwa mwenyekiti wa kijiji. Ningekuita pembeni nikuambie habari za kigoda? Na ungeniamini? Mwanamke wa kuuza mihogo?" Akaokota kanga yake. "Leo umeshikwa. Leo utaamini."

Mzee Banzi alitoa mkono besenini. Ulikuwa umevimba, mwekundu. Aliutazama pande zote mbili. Midomo ilimcheza kama alipohesabu chale.

"Kama ni kweli aliachia," alisema polepole.

"Kama ni kweli aliachia," Bi Leokadia alisema, "basi alikuchukua."

Nje, mtu alipita akisukuma toroli la matofali. Lilisikika hadi likaisha.

5

Veneranda ndiye aliyeanza kusema, kwa kuwa kazi ilimtaka.

"Baba, njia imefunguka hatua moja. Zimebaki sabini hadi kwa mama. Ukisema twende, nitawatafuta wenye mikono hiyo, au watoto wao, mmoja mmoja. Itachukua miaka, na wengine watakataa. Dakta anataka tukimbize kesho. Sema wewe."

Aliisema huku ameshika kitako cha kigoda, na aliogopa jibu kuliko alivyowahi kuogopa kitu karakanani.

Mzee Banzi alikisogeza kiti chake karibu na meza. Akainamisha uso hadi ukakaribia kishikio cheusi, mahali ambapo Mchwa alikuwa ameacha mng'ao mpya, mwembamba, wa mwanamke wa pili kutoka juu. Akavuta pumzi. Harufu ilikuwa bado ipo kidogo.

"Yumo humu?" aliuliza.

"Yumo. Mzima."

"Na mimi nimo. Pale alipoachia." Akafikiri. "Nikimtoa nitamshika kutwa moja. Halafu?"

"Halafu hatakuwepo tena."

"Mlaze mdudu, mwanangu."

Veneranda akauzima mwanga. Akakifunika kigoda kwa kitambaa cha pamba, si kwa sababu kilihitaji. Kwenye karatasi ya kazi, mahali panapoulizwa matabaka mangapi yamesomwa, aliandika: mawili, moja la mhifadhi, moja la mzazi mwenyewe. Mahali panapoulizwa kumbukumbu imewekwa wapi, akaandika jina la mwanamke na jina la mwanamume. Dakta Shekimweri aliposhuka kuuliza habari za Jumamosi, akasoma karatasi ile mara mbili, akachomoa moja ya kalamu zake tatu, akasita, akairudisha mfukoni.

"Wageni nitawaambia nini?" aliuliza, si kwa hasira.

"Waambie wapo," Veneranda alisema. "Waje waone walipo."

Mzee Banzi alikuwa ameanza kuvaa kofia, akakumbuka kitu, akaivua tena.

"Leokadia. Yule mtoto ni nani? Yule wa leo."

"Dismas? Yuko Ifakara, anatengeneza matrekta. Ana miaka sitini na upara. Hajanipigia simu tangu Pasaka."

"Tangu Pasaka!" Mzee aliutazama mkono wake uliovimba, kisha akamtazama mama yule kama aliyetukanwa yeye. "Na kazi yote hii? Nipe namba yake."

"Gervas, usiniletee mambo."

"Nipe namba, nimesema."

Aliitaja. Veneranda akambonyezea, kwa kuwa vidole vya mzee vilikataa kukunja, akaweka sauti ya juu. Simu iliita mara nne. Nyuma ya sauti iliyopokea kulikuwa na ngurumo ya injini na mtu anayegonga chuma.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Hunijui, Dismas," Mzee Banzi alisema. "Naitwa Gervas Banzi, wa Luhenge. Leo nimeshinda kutwa nakuzaa, mkono bado unaniuma. Zima hiyo trekta uongee na mama yako."